Kupimwa kwa Niaba ya Wote

Kaka yetu mkubwa alikufa tumbo limejaa maji, macho ya njano kama ua la boga. Hospitali walisema ni homa ya ini, ile ya kirusi, na kwamba ndugu wote tupimwe.

Baada ya matanga tulikaa kikao nyumbani, Kalenga. Mahindi yalisubiri palizi, na mimi peke yangu sikuwa na shamba. Nilikuwa nimekuja msibani kutoka Mbeya, nilikokuwa nikishusha viazi sokoni, na kabla ya hapo nilikuwa Makambako, na kabla ya hapo popote palipokuwa na lori.

"Aende huyu," mama alisema. "Miguu yake imezoea barabara."

Mdogo wetu wa kike alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Ukatupimie wote, kaka. Si sisi damu moja?"

Hakuna aliyeona ajabu. Nilikwenda.

Mtu wa maabara aliniambia kirusi kiliwahi kuniingia, mwili wangu ukakitoa, zimebaki alama tu. Nikamuuliza kiliingia lini. Akazitazama chale za mkononi mwangu. Hapo nikakumbuka: surua ilipokuwa ikimaliza watoto, mama alitupeleka wote watatu kwa mganga tukachanjwe. Wembe ulikuwa mmoja. Kaka kwanza, kisha mimi, kisha mdogo wetu aliyekuwa bado anabebwa mgongoni.

"Siwezi kuapa kwamba ni hapo," alisema yule wa maabara nilipomsimulia.

"Basi mbona kaka amekufa na mimi nabeba magunia?"

Watu hunichoka kwa maswali, lakini yule alivuta kiti. Alisema mwilini mna askari, na mna vinasaba vinavyowaonyesha askari hao sura ya adui. Kwa mmoja adui anaonekana vizuri, anafukuzwa. Kwa mwingine anaonekana kama kivuli, anakaa miaka mingi akila ini taratibu. Si hivyo tu vinavyoamua, hata umri uliokuwa nao ulipoambukizwa una uzito wake, lakini vina mkono wake.

"Lakini tumezaliwa tumbo moja."

"Baba na mama wanagawa kama karata," alisema. "Zako siyo za kaka yako. Na siyo za mdogo wako."

Nilirudi na maneno hayo yote. Mama alisikia moja tu, kwamba nimepona, akakamata kuku. Nilipoanza habari ya karata, mdogo wangu alinikata kauli.

"Shule uliikimbia darasa la sita, leo unatufundisha damu?"

Wote walicheka, na mimi nikacheka. Kesho yake nikapanda lori la Mbeya.

Mvua za mwaka huu zilinikuta tena Kalenga. Mdogo wangu alikuwa na mimba kubwa, akijikuna mikono huku akichambua mboga mlangoni. Nilimwomba ainue uso juani.

"Unanitazama kama unanunua ng'ombe," alisema.

Weupe wa macho yake haukuwa mweupe.

"Kliniki walikupima ini?"

"Walitaka." Aliendelea kuchambua. "Nikawaambia kaka yangu alishapimwa, hana kitu."

Mama alikuwa nyuma yetu na sufuria. Aliiweka chini polepole. "Wembe ule," alisema, na hakumalizia siku hiyo wala baadaye.

Asubuhi nilimpeleka mdogo wangu kliniki mwenyewe. Njiani nilimweleza kwamba homa hiyo ikigundulika ipo, zipo dawa za kuituliza, na mtoto huchanjwa mara tu anapozaliwa. Aliposikia neno kuchanjwa aliufunika mkono wake kwa kitenge. Nikamwambia hii ni sindano, siyo wembe.

Walimtoa damu, tukakaa kwenye benchi tukisubiri. Chale zake zilikuwa palepale zilipo zangu, juu kidogo ya kiwiko, ndogo zaidi.

"Kama ni damu moja," alisema kwa sauti ya chini, "itatoka kama yako."

Nilitaka kusema ndiyo.

Mlango ulifunguliwa. Wale waliotutangulia walikuwa wamepewa karatasi zao hapohapo wamesimama. Yeye aliombwa aingie, akae kwanza.