Kilo Alizoandika Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni mtu wa kupendwa bila kutoka jasho. Nyumbani nilifua mimi, akasifiwa yeye kwa kuanika. Hata kazi nilimtafutia mimi, kwenye ofisi yetu ya kupigia watu simu kuwauliza maisha yao. Miaka miwili haijaisha, kapewa chumba chenye feni, anaandika ripoti. Mimi mwaka wa tisa huu niko meza ileile ya simu, sikio limeota sugu. Naona wivu, sifichi.

Wakati wa ule ugonjwa uliofungia watu ndani, tuliuliza habari za uzito. Umebadilika? Aliyesema umeongezeka, tulimuuliza kilo ngapi. Aliyesema hapana, tulimruka hapo, tukaenda kwenye swali la usingizi. Na kilo zenyewe zilikuwa za kukisia. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mizani sina, ila suruali imegoma. Andika kumi." Nikaandika kumi.

Rasimu ya ripoti ya mdogo wangu ilipotoka, mstari wa juu ulisema kila mtu ameongezeka kilo kumi na mbili. Kila mtu! Tuliongea na watu elfu moja, na waliosema wamenenepa ni mia nne tu. Kumi na mbili ulikuwa wastani wa hao mia nne. Yeye hajawahi kushika simu, angejuaje tulimruka nani?

Akaja mwenyewe mezani kwangu. "Dada, hebu ipitie. Wewe ndiye unayezijua hizi namba."

"Iko sawa," nikasema, bila kuinua macho.

Nilitaka aumbuke. Mkurugenzi alishasema kwamba ripoti hii ikipokelewa vizuri, mdogo wangu atapewa idara. Idara hiyo niliitaka mimi mpaka nakosa usingizi.

Siku ya kuisoma mbele ya wageni, alipigiwa makofi. Kisha daktari mmoja aliyeketi mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Hizi kilo ni za wote mliowauliza, au za walionenepa tu?"

Nikakaa vizuri kwenye kiti nimtazame akitapatapa.

Mdogo wangu akatabasamu. "Hilo atalijibu dada yangu. Ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyehakiki. Jina lake nimeliweka mbele ya langu."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Kweli, lilikuwepo. Vichwa vyote vikanigeukia, nikasimama.

"Za walionenepa tu," nikasema.

Mdogo wangu aliniangalia, wala hakuwa na hasira.

"Ulikuwa unajua, dada?" akauliza polepole, kana kwamba tuko wawili tu jikoni.

"Nilikuwa najua."

Akawageukia wageni. "Kosa ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akamtazama kwa heshima. Na Mungu anisamehe, hata hapo nilimwonea wivu.