Mshipa Uliokoshwa kwa Ndimu

Leo mama ameukosha mradi wangu wa chuo kwa ndimu. Jamani, hebu nisikilizeni.

Asubuhi mwenye bucha hapa Bombolulu alinikatia mshipa wa damu wa mbuzi. Nikautia kwenye bakuli la maji ya chumvi, nikaingia kuoga.

Natoka, mama keshaukamulia ndimu.

"Mbuzi haliwi bila ndimu, mwanangu."

Wallahi nilitamani kulia.

Nikaenda nao maabara hivyo hivyo. Nikausuuza, nikauning'iniza kwenye waya ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili, nikatia dawa ya kuukaza.

Wapi! Mstari wa kupima mkazo kwenye skrini haukusogea.

Mwalimu akasema, "Subiri. Asidi ya ndimu imeulegeza. Seli za misuli yake zinaitoa nje na kuingiza sodiamu ya kwenye chumvi. Zikimaliza utaona."

Mara mstari ukaanza kupanda. Mshipa unajikaza!

Mbuzi mwenyewe keshakuwa supu ya watu, na mshipa wake bado unajisafisha.

Nikautazama mkono wangu. Kazi hiyo hiyo inaendelea humu ndani, wala sijawahi kuiamrisha.

Nikampigia mama kumweleza.

"Subhanallah! Nami nilikuwa nishaukatia kitunguu."