Vikombe Vinne Chumba cha Kufulia

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja, saa nne na dakika kumi asubuhi, na ilianza kwa sababu Baba alisahau sabuni. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama kwa hasira. Jumamosi mimi huwa siamki kabla ya saa sita.

Chupa ya sabuni ilikuwa mezani, na simu ya Baba kando yake, kwa hiyo sikuweza hata kumpigia. Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikaibeba ile chupa, nikateremka ngazi hadi chini kabisa ya jengo, huku nikiomba nisikutane na jirani. Mimi si mtu wa kusalimiana. Nikisikia mlango wa mtu unafunguliwa, hungoja kwanza ndani mpaka ngazi zitulie.

Kwetu Husby, huku kwa Waswidi, hakuna mashine ya kufulia ndani ya fleti. Jengo zima tunafulia chini, kwa zamu. Ukutani kuna ubao wenye siku na saa, na kila fleti ina kifuli chake chenye namba. Unakichomeka kwenye nafasi unayoitaka, na nafasi hiyo ni yako. Hata mfalme akija na mashuka yake, atangoja.

Mama alikuwa na nafasi yake: Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, saa nne hadi saa nane, mashine zote mbili. Kaka yangu na dada yangu walipohama, waliendelea kuleta nguo zao chafu kwa Mama. Hakuna aliyealikwa. Walikuja tu na mifuko mikubwa begani, mashine zikazunguka, Mama akamimina chai ya tangawizi, na yote yaliyokuwa ya kusemwa katika familia yetu yalisemewa pale katikati ya kelele, kwa Kiswahili cha Mama cha Bukoba na Kiswidi cha watoto wake. Baba alikaa pembeni akioanisha soksi.

Mama alifariki mwezi wa pili. Tangu mazishi kaka alikuwa hajakanyaga kwetu. Yeye anaishi Fisksätra, upande wa pili wa mji, basi angalau ana kisingizio. Dada anaishi Akalla. Kutoka Akalla hadi Husby ni kituo kimoja. Kimoja! Treni haijashika hata kasi, imefika. Alikuja siku ya Pasaka, na hakuvua koti.

Baba anasema wamemtupa. Wao wanasema Baba hataki kuwaona. Na wote wananiambia mimi. "Mwambie kaka yako baridi imeanza, avae vizuri." "Mwambie Baba nina miaka ishirini na tisa." Mimi ni kitindamimba, nina miaka kumi na saba, nina mtihani wa hesabu wiki ijayo, na nimegeuzwa posta. Ndiyo maana daftari hili naliandika kwa Kiswahili, kama Mama alivyonifundisha. Kaka na dada wakiliokota hawatakuwa na subira ya kulisoma.

Mlangoni pa chumba cha kufulia kulikuwa na karatasi mpya. Waswidi wa jengo letu hawagombani ngazini, wanaandika karatasi. Ilisema: "Wewe unayechukua mashine zote mbili kwa masaa manne, ukafua mfuko mmoja, kisha ukakaa tu: sisi wengine tuna watoto na nguo chafu!!! Salamu njema." Hiyo salamu njema ndiyo tusi lenyewe.

Nilijua ni nani anasemwa. Nilitaka kuibandua, lakini mlango ulikuwa wazi na Baba alikuwa ananitazama.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa shati lililopigwa pasi. Mashine moja ilikuwa na nguo zetu sisi wawili, inangoja sabuni. Ya pili ilikuwa tupu. Na juu ya meza ya kukunjia nguo palikuwa na chupa ya chai na vikombe vinne.

Hapo lazima nikiri ujinga wangu. Kila Jumamosi ya kufua nilikuwa nikiviona vikombe vinne vinakauka kando ya sinki, nikadhani Baba amepata marafiki huko chini, wazee wenzake wa kunywa nao chai. Nikafurahi, nikarudi chumbani kwangu. Kumbe alikuwa akiviosha vikiwa visafi.

"Baba, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Nafua."

"Kwa vikombe vinne?"

Akakohoa. "Siku inajulikana," akasema. "Wanaijua miaka yote."

"Uliwaambia waje?"

"Mama yenu alikuwa akiwaambia?"

"Baba, ni miezi minane!"

"Mimi ndiye baba. Baba hapigi simu kuwaomba watoto wake wamtembelee."

Nilitaka kuipiga mashine teke. Miezi minane amekaa kwenye benchi akisubiri watu ambao hawajui kwamba wanasubiriwa, kisha anapanda juu na kuniambia wamemtupa!

"Ile karatasi nimeisoma," akasema, sauti imeshuka. "Wana haki. Ikifika saa nane nakitoa kifuli. Mimi na wewe tutafua siku za kazi, nikitoka zamu. Nguo zetu ni chache."

Baba ni dereva wa basi, na alilisema hilo kama mtu anayetangaza kwamba njia imebadilishwa. Lakini nilimwelewa. Akikitoa kile kifuli, jirani atachomeka chake kabla ya jioni, na Baba hatakuwa tena na mahali pa kuwangojea. Na namjua. Akikoma, amekoma.

Nikaingia chumba cha baiskeli kilicho kando, nikafunga mlango. Sipendi kupiga simu. Hata kuagiza pitsa humwomba rafiki yangu. Nikampigia dada.

"Kuna nini? Baba anaumwa?"

"Hapana. Yuko chumba cha kufulia. Anakungoja."

"Ananingoja? Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Akauliza kwa Kiswidi kama natania. Nikamwambia mimi kwenye simu sina hata uwezo wa kutania.

Kaka alikuwa mgumu zaidi. "Siku hizi nina mashine yangu, iko bafuni," akasema. "Nimefua juzi."

"Leta chochote."

"Baba ndiye kasema nije?"

Hapo ningeweza kudanganya. "Hapana," nikasema. "Lakini ametoa kikombe chako. Saa nane anakitoa kifuli cha Mama. Usipokuja, mimi sipeleki tena salamu ya mtu yeyote, yako wala yake. Tafuteni posta nyingine." Nikakata. Sijawahi kumkatia mtu simu.

Dada alifika saa tano na robo, na mfuko wa mashuka na taulo. Alisimama mlangoni, akaisoma karatasi yote, kisha akasema, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hizo nyeupe usizichanganye."

Basi. Tangu Pasaka, na hayo ndiyo maneno ya kwanza. Niligeukia ukuta nisije nikapiga kelele.

Saa saba ikapita. Baba alikuwa ameshafunga kifuniko cha chupa ya chai kaka alipoingia na mfuko begani, anahema, amekimbia kutoka kituoni. Baba akaupokea mfuko kabla hata ya salamu, akaufungua, akatoa fulana. Ilikuwa imekunjwa. Zote zilikuwa zimekunjwa vizuri, na zinanukia sabuni. Kaka akatazama sakafu. Mimi na dada tukatazama sakafu. Baba akaipeleka fulana puani, akanusa, akamtazama mwanawe. Kisha akazikunjua moja moja, akazitumbukiza kwenye mashine.

"Chafu sana hizi," akasema. "Siku hizi unachimba makaa?"

"Ni vumbi la treni," kaka akajibu.

Sijui kwa nini mimi ndiye pekee niliyeona kwamba watu hawa wana wazimu.

Chai ilipomiminwa, dada akaanza. "Baba, wewe ndiye ulitufukuza. Siku ya mazishi ulisimama mlangoni ukasema, nendeni makwenu."

"Nilisema mkapumzike!"

"Tukaenda."

"Nani anapumzika miezi minane? Nyinyi ni dubu?"

Kaka akacheka mpaka chai ikampalia, na dada akampiga mgongoni kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Lakini kaka hakucheka muda mrefu. Akasema kwa Kiswidi, polepole, kwamba hakuweza kuja kukaa kwenye benchi hili bila Mama. Kwamba mara mbili alifika hadi kituo cha Husby akageuka.

Baba akamjibu kwa Kiswahili: "Na mimi? Mimi nimelikalia peke yangu."

Mashine ilikuwa inakamua maji, benchi likatetemeka, na sisi wanne tukatetemeka nalo.

Saa nane kasoro dakika moja Baba aliinuka, akaenda kwenye ubao, akakitoa kifuli. Akakishika kiganjani kidogo, kisha akakichomeka Jumamosi ya wiki mbili mbele. Hakutangaza kitu. Aliuliza tu nani atabeba vikombe.

Kaka aliondoka mbio kuwahi zamu yake, na mfuko wa nguo akauacha. Sijui kama alisahau.

Jumapili asubuhi nilimkuta Baba sebuleni anazipiga pasi nguo za kaka. Alikuwa amefika kwenye soksi. Nani anapiga pasi soksi?

"Mwambie kaka yako nguo zake ziko tayari," akasema bila kuinua macho.

Nilichukua simu yake, nikatafuta namba ya kaka, nikabonyeza, nikaweka spika, nikailaza kwenye meza ya pasi kando ya soksi. Ikaanza kuita. Baba aliitazama kama nimemwekea kaa la moto.

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Nikavaa koti, nikateremka kuibandua ile karatasi. Gundi ilikuwa imeshika sana. Jirani mmoja alipita akanisalimia, nami nikamwitikia, nikaendelea kukwangua kwa kucha mpaka ikatoka.