Usimfanye Mbuyi Kisingizio

Sijaisahau siku ile Mama Ngalula aliponikuta kando ya mbabula, napepea makaa chini ya sufuria ya matembele. Hasira yake nayo sijaisahau. Mwanangu Aziza, nakuhadithia leo kwa sababu nami nimekasirika. Nimemkasirikia baba yako, mdogo wangu wa tumbo moja, na wakubwa wenzake waliokaa jana barazani wakaamua maisha yako wakati wewe wamekutuma maji. Na wewe pia, usicheke, nimekukasirikia. Sikiliza kwanza, majibu utanipa baadaye.

Mimi si kikongwe, ila vita huzeesha. Miaka ile mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa kama mtego. Wenye bunduki mjini, wenye bunduki msituni, sisi katikati. Treni iliacha kuja. Aliyevuka mto Lualaba kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi, basi tulikula matembele yaliyoota kando ya kuta za nyumba. Na katikati ya hayo, sisi wa mwaka wa mwisho wa sekondari tulisoma.

Niliketi benchi moja na Mbuyi, binti wa Mama Ngalula. Baba yake alikuwa fundi wa reli kutoka Kasai. Babu yako alikuwa mwadhini. Wao Wakristo, sisi Waislamu, na sahani zetu zilipita uani bila hodi. Mbuyi alizipenda hesabu kama wengine wanavyopenda ngoma. Alikuwa akinichorea pembetatu kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni mpaka mama anamfukuza.

Wiki chache kabla ya mtihani wa Leta, ule unaofungua mlango wa chuo kikuu, Mbuyi alianza kuhara. Hospitali ilikuwa na vitanda na wauguzi. Dawa hazikuwapo. Alikufa asubuhi, ameegemea mkono wa mama yake. Leo nikipita dukani na kuona dawa zile zile zimepangwa kwenye rafu, vumbi limezikalia, hasira hunirudia upya. Kitu kidogo namna ile.

Mtihani niliufanya. Nikashindwa. Hakuna aliyeshangaa.

Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba mtihani utakuwapo tena. Baba mkubwa akasema ya nini kujisumbua, iko mfanyabiashara wa Lubutu anatafuta mke. Mimi sikukubali wala sikukataa. Nilikuwa nimepata jibu tamu kuliko yote. Kila aliyeniuliza nilimwambia, "Siandiki mtihani tena. Siwezi kuketi kwenye benchi lile bila Mbuyi."

Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Neno lile lilinipa heshima ambayo alama hazikunipa. Lakini chini yake, mwanangu, palikuwa na woga mtupu. Niliogopa kuketi na watoto walio wadogo kwangu. Niliogopa kushindwa mara ya pili mbele ya mtaa mzima. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha wangu kwa sanda ya mwenzangu.

Kindu maneno hayangoji mtumbwi. Yalimfikia Mama Ngalula, naye akaja. Hakunisalimia.

"Zaina, ni kweli unasema hutaandika mtihani kwa sababu ya Mbuyi?"

"Njo vile, ni kweli, mama. Roho inaniuma."

"Roho inakuuma wewe. Na mimi je?" Alisimama juu yangu, kikwembe cha msiba alichojifunga kimepauka. "Mutoto yangu iko ndani ya udongo. Alikufa kwa kukosa dawa. Hakufa ili wewe upate neno la kusema. Kama unaogopa, sema unaogopa. Kama unataka bwana, olewa, nitakuja kucheza. Lakini usimufanye mutoto yangu kisingizio."

Nikaanza kulia. Akaniambia, "Nyamaza. Kilio huanza mfiwa. Mimi sijalia leo."

Akaenda zake. Mama yangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilimtazama anitetee. Alisema tu kwamba matembele yanaungua.

Asubuhi yake nilimwendea baba. Nikamwambia, "Baba, ninaogopa kushindwa tena. Lakini ninataka kuandika." Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo mawili kutoka kinywani mwangu pamoja. Baba alimaliza tasbihi yake taratibu, akasema, "Muntu anaogopa, na anaenda. Kaka yangu nitaongea naye mimi." Kaka yake alikasirika, akakaa mwaka mzima bila kuitika salamu yangu. Nikaketi na wale wadogo, wakaniita Bibi, wakanicheka. Nikasoma. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nilifaulu, si kwa kishindo. Nikaenda kumwambia Mama Ngalula. Hakupiga vigelegele. Alinivutia kigoda, akasema, "Nieleze hesabu walizouliza."

Mama Ngalula hakuwahi kuingia darasani. Nilimweleza zote nilizozikumbuka, moja baada ya nyingine, naye akanisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za safari ya mwanawe. Nilipomaliza akasema, "Zilikuwa nyepesi. Angeziweza." Ndipo akalia, na mimi nikanyamaza.

Sasa wewe. Umeshindwa mtihani mwaka huu, na unatembea mtaani ukisema Mungu hakupenda. Mungu umtoe humo. Mwalimu wenu wa fizikia hakuonekana darasani miezi mingi, na hilo ni aibu ya wakubwa. Aliyepaswa kumleta hakumleta, na nitaendelea kulisema hilo hata wakinichoka. Na wewe ulishinda kwenye simu, ukingoja majibu ya kununua ambayo yalikuwa ya uongo. Yote mawili ni kweli. Yaseme yote mawili. Baba yako naye anataka kukupeleka Punia ukauze vitenge kwenye machimbo, eti wewe kichwa kizito. Kichwa kizito ni chake yeye, na nimeshamwambia.

Sikuambii urudie. Kuuza vitenge si dhambi, na ukinijia ukasema, "Shangazi, ninapenda biashara," nitakufungia mzigo kwa mikono yangu. Ninachokukataza ni kuacha kwa sababu usiyothubutu kuitamka. Usijifunike kwa Mungu, wala kwa baba, wala kwa mwalimu mtoro. Ukitaka kurudia, anza kusoma sasa, si siku ya kuandikishwa, na simu hiyo iache kwangu. Ukiogopa, niambie. Woga uliotajwa hupungua. Uliofichwa hukuchagulia mume, kazi na mji wa kuishi, nawe ukadhani umechagua mwenyewe.

Mwanangu, Mola akupe ulimi usiokudanganya, na walimu wanaokuja kazini. Akuepushe na wanaokuhurumia ili ubaki palepale ulipo. Barabara yoyote utakayoshika, iwe ya darasani au ya Punia, akushike mkono mpaka ufike. Nenda sasa kwa baba yako, useme kwa kinywa chako unachotaka. Mimi nakufuata nyuma.