Mshono wa Kushoto

Daktari aliyemshona kichwa mama mmoja, fundi cherehani, hunusa bandeji kwanza, ndipo atazame kidonda. Husugua viganja vipate joto, kisha hugusa kama anayeshika yai. Kidonda kilipogoma kufunga na mfupa ukaoza, yeye ndiye aliyeutoa. Siku ya kuziba fuvu kwa bamba na kulifunika kwa ngozi ya kichwa iliyovutwa kutoka kando ya kidonda, aliuliza kwa sauti yake ya chini, "Mama, nywele huwa unazigawa upande gani?" Mgonjwa, kipara kitupu, alicheka. "Nywele zipi, mwanangu? Haya, kushoto." Leo zimeota. Binti yake anamchana, anatafuta kovu, halioni. Mama anamshika kidole na kukiweka pale nywele zinapogawanyika: mshono ndio mstari wenyewe. "Yule ni fundi," anasema mama, ambaye maishani hajawahi kusifu mshono wa mtu.