Maji Matamu ya Choo cha Papa

Nyumbani kwetu Naviundu tuna maji ya aina mbili, na kwa mwaka mzima aina hizo mbili zilinitoa roho. Ya robine, yaani ya bomba, ni matamu, lakini huja asubuhi mbili kwa juma, tena yakipenda. Ya kisima cha uani yapo siku zote, ila yana chumvi ya mawe: sabuni haitoi povu, na sufuria ikichemshiwa mara chache huvaa ukoko mweupe. Mama huyaweka matamu kwenye mapipa matatu ya bluu kando ya jiko, na juu ya kila mfuniko ameweka jiwe, utafikiri maji yana miguu ya kukimbia. Hayo ni ya kunywa na kupikia. Ya kisima ni ya sakafu na ya choo.

Ugomvi wetu ulianzia chooni. Papa, baba yangu, alifanya kazi ya reli tangu ujana wake, na uzeeni magoti yalimkataa; kuchuchumaa kwenye shimo nyuma ya ua kukamshinda. Tukamjengea choo cha kukalia karibu na chumba chake, chenye kisanduku cha maji na kishikio cha kubonyeza. Juu ya ukuta tuliweka pipa dogo la kukilisha kile kisanduku, na kila asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha, mimi ndiye niliyepanda kwenye kiti kulijaza maji ya kisima.

Baada ya miezi michache, kishikio kikakwama. Plombier, fundi wa bomba, akabadilisha vyuma vya ndani. Vikakwama tena. Mara ya pili alinionyesha kipande kilichojaa ukoko.

"Mama, iko chumvi tu. Kule Golf, kwa batajiri, banawekaka mashini ya kusafisha maji mbele iingie mu nyumba."

Sisi hatukuwa na mashine ya kusafisha maji. Tulikuwa na wazee wawili wabishi.

"Si minawaambiaka?" Papa alisema. "Mashini haikunywaka maji ya chumvi. Siye ku reli tulijua: ukiipa maji mubaya, chaudière ya kuchemsha maji ya treni inajifunga, mashini inakufa. Mupatie maji ya robine."

Mama aliweka mikono kiunoni. "Ile iko choo, Papa batoto, haiko treni! Maji muzuri iko ya kinywa ya bantu. Mi nilibebaka maji ku kichwa tangu butoto, siwezi kuimwanga mu choo."

Wakaendelea hivyo juma zima, mezani, uani, hata njiani tukitoka misa. Mimi nilikuwa na daftari sitini za kusahihisha na watu wawili wa miaka themanini wanaogombana juu ya kinyesi. Nilichoka. Nikaamua kama hakimu: maji matamu hayagusi choo, na vyuma vipya hatununui. Papa angetumia ndoo ya maji ya kisima kumwagia.

"Nani atainyanyua?" aliuliza.

Yeye hakuweza, na mgongo wa mama haukuwa mzuri. "Ukimaliza uniite, Papa. Nitamwanga maji," nikasema.

Alinitazama, kisha akatazama ukuta. "Weye, mutoto yangu mwanamuke, upite nyuma yangu mu choo?"

"Sasa nani, Papa?"

Najua desturi. Kwetu binti haingii chooni nyuma ya baba yake. Hata taulo yake huianika akiwa ametazama pembeni. Lakini desturi haibebi ndoo, nikajiambia, na nilijiona mwenye akili sana. Juma lile aliniita mara mbili tu. Mara zote mbili alikuwa amesimama nje ya mlango, uso ameuelekeza dirishani, nami nikamwaga, nikatoka. Mara mbili kwa juma, na sikujiuliza siku nyingine alikuwa anafanyaje. Nilishukuru tu kwamba hanisumbui.

Kisha akaacha kuniita kabisa. Nikasikia kisanduku kinafanya kazi. Alikuwa amekifungua mwenyewe, amekwangua ukoko kwa kisu na ndimu, siku nzima ameketi juu ya kifuniko cha choo na vyuma vimepangwa juu ya gazeti. "Imepona," alisema, na alicheka kama mtu aliyepandishwa cheo. Sikuuliza anakilisha maji gani. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto kuuliza, lakini nyumbani nilikuwa bubu.

Jumapili moja alisema tumbo linamuuma, hataenda misa. Nikaingia chumbani mwake kumchemshia chai. Ana birika yake ndogo pale, na kila asubuhi mama humwekea bidoni ya lita tano ya maji matamu, ya chai na ya dawa. Nilifunua birika. Ndani ilikuwa nyeupe, ukoko mnene kama ukucha.

Nilipiga kelele. "Mama! Nani anawekaka maji ya kisima mu birika ya Papa?"

Mama alikuja mbio akiapa kwa watakatifu wote. Papa alikuwa amekaa kitandani, amevaa kiatu kimoja.

"Njo miye niliwekaka," alisema.

"Na maji muzuri ya mu bidoni?"

Alielekeza kidevu upande wa choo.

Hasira zilinipanda. "Papa! Weye unakunywa chumvi, choo inakunywa maji muzuri?"

"Miye minaweza kuvumilia," alisema polepole. "Ile mashini haiwezi. Na ikikufa, minarudia kukuita."

Niliona aibu, na bado nilikuwa nimemkasirikia. Nilibaki nakwangua birika kwa kucha, na ukoko haukutoka.

Mama alikuwa ametoka. Nikasikia jiwe likiondolewa juu ya pipa. Akarudi ameinama na mgongo wake mbovu, bidoni mkononi, akatupita bila kututazama, akafunua kisanduku na kumimina. "Maji ya kinywa ya bantu," alinung'unika. "Angalia sasa. Maji ya kinywa ya bantu." Lakini alimimina hadi tone la mwisho.

Papa alijisukuma akasimama, akishika ukuta.

"Mutoke kwanza," alisema. "Minataka kuingia."

Tulitoka, mama na mimi. Tukasimama kando ya mapipa, tukangoja kusikia akibonyeza.