Bwana Pole na Meno ya Saluni

Kwa miaka mingi muuza majeneza wa mtaa wetu alisifiwa kuwa na huruma kuliko watu wote, na sifa hiyo aliipata kwa sababu ya meno mabaya. Yalikuwa ya kahawia, yamepandana kama watu wanaogombea mlango mmoja, na mwenyewe aliyaonea haya, kwa hiyo hakutabasamu mbele ya mtu. Wafiwa walioingia karakana yake walimkuta amefumba midomo, ameinamisha kichwa, anasema "pole" kwa kupitia puani. Walitoka wakinong'onezana kwamba yule baba anaumia kuliko ndugu wa marehemu. Jina la Bwana Pole likamganda.

Alikuwa mgane, anaishi na binti yake mkubwa aliyekuwa akipiga msasa na kupaka vanishi. Maisha yalikwenda taratibu mpaka alipotokea mshonaji, mjane mcheshi aliyeleta satini za kutandika ndani ya majeneza na mito midogo ya kuwekea kichwa. Kila alipokuja, Bwana Pole alitafuta sababu ya kumchelewesha: mto huu mgumu, marehemu hatalala vizuri. Mshonaji alicheka mpaka akashika benchi. Lakini Bwana Pole aliposogea kumwonyesha mshono, yeye alirudi nyuma kidogo. Akisogea tena, anarudi tena, hata mazungumzo yao yakawa yanaanzia kwenye benchi na kuishia barabarani. Bwana Pole akakata shauri kwamba tatizo ni rangi ya meno.

Binti yake alimsihi aende kwanza hospitali, maana kila baba akipiga mswaki, sinki lilikuwa kama limechinjiwa kuku. Akajibu kuwa damu ni dalili kwamba mswaki unafanya kazi. Badala ya hospitali akaenda kwenye saluni moja iliyosuka nywele upande huu na kutengeneza meno upande wa pili. Fundi wa pale, jamaa mwenye glavu za waridi na manukato ya kutosha watu watatu, hakumuuliza anaumwa wapi. Alimuuliza anataka weupe gani. Bwana Pole akaonyesha weupe wa mwisho kabisa, ule wa vyoo vipya. Maganda ya meno bandia yenye weupe huo yakabandikwa kwa gundi juu ya kila kilichokuwamo: meno, ukoga, matundu, na nadhani hata mabaki ya chakula cha mchana.

Maganda yenyewe yalikuwa manene, midomo ikakataa kufunga. Wateja wa kwanza walikuwa ndugu wawili waliofiwa na baba yao, wakakuta mtu anawakenulia. Akainamisha kichwa, meno yakabaki nje. Akasema pole, ikasikika kama ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Yule mdogo aliuliza kwa adabu ni kitu gani kinachomfurahisha. Kisha wakavuka barabara kwenda kwa mshindani wake, mtu asiyejua hata kusalimia, lakini angalau alikuwa amenuna.

Mshonaji naye aliyatazama meno, akayasifu, akarudi nyuma zaidi ya kawaida.

Muda si mrefu shavu la kushoto likaumuka. Chini ya yale maganda fizi zilikuwa zinaoza kwa raha zao. Jipu lilimfumba jicho moja na kumtoa machozi kutwa nzima, na hapo biashara ikarudi kwa kishindo, kwa sababu wafiwa walimkuta analia kabla hawajasema nani amekufa. Mjane mmoja alimkumbatia wakalia pamoja, kisha akachagua jeneza lenye vishikio vya shaba. Bwana Pole akaona heri avumilie. Angevumilia hadi kaburini, maana homa ilipanda, na binti yake akamkuta amejilaza ndani ya jeneza ambalo halijapakwa rangi, anasema humo mna ubaridi mzuri.

Binti hakubembeleza mtu. Alimwita mshonaji, wakamkokota hospitali.

Daktari wa meno, mama mfupi mwenye mikono ya nguvu, aliinua ganda la kwanza, akageuza uso pembeni kuvuta pumzi. Alitoa usaha, akang'oa jino lililokwisha kufa, akamweleza kuwa kupendezesha meno si kosa, yeye mwenyewe anaifanya kazi hiyo, ila huanza kwa kutibu.

"Mzee wangu, wewe ni seremala. Unapaka vanishi kwenye mbao iliyoliwa na wadudu?"

Bwana Pole, nusu ya mdomo imekufa ganzi, alisema ukweli wake: "Wakati mwingine napaka. Mteja wangu harudi kulalamika."

Daktari alilazimika kuweka koleo chini mpaka amalize kucheka.

Nje, kwenye benchi la ukumbi, Bwana Pole alimuuliza mshonaji kama ile rangi ya zamani ilimkera sana.

"Rangi gani?" mshonaji alisema. "Rangi sikuwahi hata kuiangalia. Ulikuwa unanuka, Bwana Pole."

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Kisha akauliza kwa nini hakumwambia.

"Ningekuambiaje? Kila nikifungua mdomo unanipa pole."

Matibabu yalikula miezi. Ukoga ulikwanguliwa, matundu yakazibwa, naye akafundishwa kupiga mswaki upya kama mtoto. Fizi zilipoacha kutoa damu, ndipo daktari alipomrekebishia meno mawili ya mbele, kwa rangi inayofanana na mengine, si ya choo. Pengo moja lilibaki pembeni. Mshonaji aliacha kurudi nyuma, na mwaka haukuisha wakaoana.

Tangu hapo ameingiwa na uchamungu wa meno. Hivi majuzi familia moja ilikuwa inamlaza babu yao kwenye jeneza, Bwana Pole akainama, akachungulia mdomo wa marehemu kwa makini, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba fizi hizi zingefika mbali. Mkewe, aliyekuwa ananyoosha mto, alimkanyaga mguu.

Lakini mjane wa marehemu hakukasirika. Alijifuta machozi, akaitikia kwa kichwa.

"Meno yake alikuwa anayapiga mswaki kila akila," alisema. "Mimi mwenyewe hakunijali hivyo."